Ungo Wako Nitaurudisha

Bibi yangu mpenzi,

Na ungo wenyewe umefika salama, umefungwa kwa kamba juu ya tenga la kuku, ila maneno yaliyokuja nao sikuyaamini hata kidogo. Eti Bibi anapumzika. Eti Bibi hana kazi na ungo tena, mjukuu ndiye mwenye jiko sasa, basi autumie. Mjomba alinikabidhi huku akitazama malori yaliyoegeshwa barabarani, mimi hakunitazama. Na msimu wenyewe ndio huu: alizeti imekauka, uwele umevunwa, kila ua umetandikwa turubai. Ni nani anayegawa ungo wake wakati wa kupepeta?

Utaona sijakuamkia. Adabu uliyonifundisha sijaisahau, shikamoo yako ninayo. Nimeizuia kwa makusudi, na ukivumilia hadi mwisho utajua nimeiweka wapi.

Wewe hupendi maneno ya kuzunguka, kwa hiyo naanza na ninachoshuku. Nashuku ulianguka. Nashuku mlinificha kwa sababu mimi bado bibi harusi, na kwetu bibi harusi hapelekewi habari za maumivu hadi aizoee nyumba aliyoolewa. Na nashuku kwamba tangu siku hiyo wamekukalisha, kwa mapenzi yote, na miguu yako imeanza kusahau kazi yake. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima raha, nami ni mtu mwenye raha nyingi siku hizi.

Bahasha sikuigundisha. Kondakta atakayeibeba, mwenye duka atakayeipokea hapo Iguguno, na wewe Mama Neema, mke wa Mjomba wangu, unayemsomea Bibi sasa hivi, someni wote. Sina siri humu, na kila mtu ana mzee nyumbani kwake. Ila Mama Neema, tafadhali usiruke mstari. Bibi hajui kusoma lakini anaijua sauti ya mtu anayeruka mstari.

Bibi, nimekukumbuka sana tangu ungo huu uingie ndani. Nimeutundika ukutani, na kila nikiutazama nakuona uani kwetu, umesimama penye upepo, miguu umeitanua, mikono iko juu ya kichwa, unapiga mluzi mwembamba wa kuuita upepo. Mimi nilikaa upande wa makapi, yakinishukia kwenye nywele, nikifukuza kuku. Upepo ukija kwa nguvu uliuegemea kama mtu anayeegemea mlango. Ukikatika ghafla, mtu mwingine angepepesuka, wewe ulibaki umesimama vilevile. Nilikuuliza siku moja, nikiwa darasa la tatu nadhani, kwa nini huanguki.

"Nianguke niende wapi?" ukasema.

Watoto wa jirani walipokutania kwamba bibi mwenye ungo mkubwa hivyo lazima anaruka nao, mimi niliona aibu, wewe ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Huu haurukiwi, wajukuu zangu. Ungekuwa unaruka, ningekuwa nafika Singida mjini kabla ya basi."

Na kisimani. Kisima kilikuwa karibu, lakini wewe ulipita njia ndefu ya kuzunguka kwa mwalimu, ukabisha hodi kila ua, ukamwulizia kila mgonjwa, mimi nyuma yako na kidumu changu, nimechoka na nimenuna. Nilishuku unanikomoa. "Maji yapo tu," ukaniambia, "mimi natembeza magoti. Mguu ni mfugo, mwanangu. Usipoutoa malishoni unakondea zizini." Sikukuelewa. Nilichojua ni kwamba wenzangu wameshafika nyumbani na wanacheza.

Sasa nikueleze nilivyomnasa mwanao.

Nilimkaribisha Mjomba chai na maandazi kwenye kibanda cha mume wangu Elia, pale anapozibia pancha za malori. Nikaanza polepole.

"Bibi anaenda kisimani?"

"Kuku wamepanda bei mwaka huu, huwezi kuamini," akasema Mjomba.

"Nimeuliza Bibi."

"Bibi yuko. Anakula vizuri. Nimemnunulia kochi."

"Kochi la nini?"

"La kukalia. Wewe umesoma mpaka kidato cha nne, unauliza kochi ni la nini?"

"Amenipa salamu gani?"

"Anakusalimu sana."

Hapo nikaweka kikombe chini. Wewe hujawahi kunisalimu sana, Bibi. Salamu zako huanza na tusi. Mwambieni yule mwizi wa karanga kama bado anakula mbegu. Mwambieni yule mwenye shingo ya korongo asiinamie sufuria mpaka akaingia. Mtu akiniletea salamu zako bila tusi, ama hakupita kwako, ama wewe si mzima.

"Alianguka wapi?" nikauliza.

"Nani kakuambia?"

Akashtukia mwenyewe alichokisema. Elia alikuwa ameinamia tairi, hata hakuinua kichwa. "Mjomba," akasema, "hapo umekamatika bila askari."

Ndipo yakatoka yote. Ile nyumba yake mpya ina sakafu ya saruji. Ilikuwa imemwagiwa maji ya kudeki, nawe ukaingia na ndala mpya. Hukuvunjika mfupa, paja lilivimba likapona. Lakini tangu hapo umezuiwa kusimama bila ruhusa. Maji unaletewa, chakula unaletewa, kitanda kimehamishiwa sebuleni usihangaike na korido. Na ukitaka kwenda uani unaambiwa, "Kaa, Bibi, kaa, utaanguka."

Mjomba alinieleza haya kwa fahari, na sitaki mtu amlaumu. Nilimwona machoni, anakupenda. Zamani alizeti ilikwenda ushirika tukangoja malipo mpaka tukasahau tulilima nini. Siku hizi malori yanafika mpaka mlangoni na mizani yao, ingawa hiyo mizani nayo naishuku, na mtu akipata fedha mkononi jambo la kwanza anamfikiria mama yake. Kochi lile amelitoa mjini, la sponji nene, lenye maua. Anasema ukikaa unazama mpaka mabega. Alilisema hilo kama sifa.

Kabla sijaendelea, acha niseme furaha yangu, nisipoisema nitapasuka. Bibi, nimeolewa na mtu. Shuleni nilisoma habari nyingi za mapenzi kwenye vitabu vya kuazimana, nikadhani ni mambo ya waandishi. Sasa Elia anarudi jioni, mikono imejaa weusi wa raba, anasimama mlangoni haingii mpaka nimwambie karibu, katika nyumba yake mwenyewe, ili tu anisikie nikisema. Malori yanateremka mlima wa Sekenke breki zikitoa moshi, yanasimama hapa Shelui yapoe, na kila dereva wa njia hii analijua jina langu kwa sababu mume wangu hana habari nyingine ya kuwapa. Akila muwa, ile pingili tamu ya chini ananiwekea mimi. Na anapiga mluzi akifanya kazi. Nitakuambia kitu ambacho hata yeye sijamwambia, atakisoma humu: siku ya kwanza nilipomsikia stendi, kabla sijamwona sura, nilidhani kuna mtu anauita upepo. Nikageuka. Basi, nilivyogeuka ndivyo nilivyo mpaka leo.

Kwa hiyo si kwamba naona ubaya kila mahali. Nashuku kochi kwa sababu hapa kwetu lilikuwepo la kwetu.

Baba mkwe wangu unamkumbuka, yule mzee mrefu aliyecheza kwenye harusi mpaka kofia ikadondoka. Ujana wake aliumaliza Sekenke, akichimba dhahabu, akipanda na kushuka ngazi za mashimo gizani. Mkewe alifariki kabla sijaja. Siku ile ya harusi yetu wanawe walisimama mbele ya watu wakatangaza kwamba kuanzia sasa Baba hatashika jembe wala kamba ya mbuzi, mkamwana amefika, yeye akae ale matunda ya watoto wake. Wakamtolea kiti kipya cha kamba, kirefu cha kulalia nyuma, wakakiweka upenuni. Vigelegele vikapigwa. Mimi chini ya shela nikaona nimeingia kwenye nyumba ya watu wanaojua kutunza wazazi.

Mvua zikaja. Baba akakaa. Kuku nikafungia mimi, mbuzi akapelekwa malishoni na jirani, kuni zikaletwa na Elia. Taratibu nikaanza kuona mambo nisiyoyaelewa. Akiinuka kwenda ndani alipitisha kiganja ukutani. Mlango wa choo aliutazama kwanza kutoka mbali, kama mtu anayepima mto uliojaa. Halafu akaanza kukataa chai ya jioni. Nikimwekea anasema ameshiba. Nikibadilisha majani ya chai, ameshiba. Nikiongeza maziwa, ameshiba. Bibi, nilishuku hapendi mkono wangu. Nikashuku kuna jirani amemwambia maneno. Nikamlilia Elia, naye kwa vile ananipenda akaenda stendi kununua mafuta ya magoti kwa wale wanaouza dawa kwa spika, chupa ina picha ya simba. Tulipofungua ilinuka mafuta ya taa. Nikaishuku na ile chupa, nikaitia uvunguni.

Halafu siku moja mchana Baba akaanguka.

Nilikuwa peke yangu uani nachambua mchicha. Alijiinua kwenye kile kiti, miguu ilikuwa imekufa ganzi, ndala moja ikamkwama, akaenda chini kando ya kuni. Hakupiga kelele. Nilikimbia, nikafika, nikasimama na mikono yangu hewani.

Wewe unajua kwa nini, lakini kwa ajili ya kondakta naeleza. Kwetu mkamwana hamgusi baba mkwe. Hamshiki mkono, hakalii kiti chake, hampitii mbele. Chakula nakiweka mezani narudi nyuma. Tangu niolewe sijawahi kugusa hata koti lake likiwa mwilini.

"Usiniguse," akasema kutoka chini.

"Sikugusi, Baba."

"Kaite mtu."

"Elia kaenda na lori lililoharibika mlimani. Majirani wote wako mashambani."

"Basi ngoja."

Tukangoja. Jua lilikuwa linamwangukia usoni, nikavua kanga ya juu nikaishikilia impe kivuli. Siafu mmoja akapanda kwenye shingo yake, akaingia kwenye kola, na sikuweza kumtoa hata yule siafu. Nilijua akikaa pale mpaka jioni hatainuka tena akiwa mtu yuleyule. Nikatazama uani, nikauona mchi.

Ulikuwa umeegemea ukuta tangu mwenye mashine ya kusaga aje Shelui. Hakuna anayetwanga siku hizi. Ni mrefu, umelainika katikati pale mikono ilipokuwa ikishika. Nikauleta, nikamsogezea ncha moja.

Akautazama. "Mchi huo ni wa mama yenu."

"Ndiyo, Baba. Basi ni yeye anayekuvuta. Mimi nimeshika upande wa pili tu."

 Kisha akageuka taratibu, akapiga magoti, akaushika mchi wa mkewe kwa mikono miwili. Nami nikaketi chini, nikakita visigino ardhini, nikashika ncha yangu. Akaweka mguu mmoja. Akapumzika. Akaweka wa pili. Aliposimama, kitu cha kwanza alichofanya ni kuingiza mkono kwenye kola akamtoa siafu.

Kesho yake Elia alimpakia kwenye baiskeli akaisukuma mpaka zahanati, mimi nyuma. Nesi alimkagua, hakukuta palipovunjika. Akaniuliza mimi.

"Mchana anafanya nini?"

"Hafanyi kitu," nikasema kwa majivuno. "Tunamtunza."

"Asubuhi?"

"Anakaa."

"Jioni?"

"Anakaa mpaka alale."

"Basi huyu anaumwa kukaa," nesi akasema. "Mguu wa mzee ukipumzishwa sana haupumziki, unaisha. Atembee kila siku. Ainuke kwenye kiti kigumu na kuketi tena, ainuke na kuketi, akiwa na kitu imara cha kushika na mtu karibu. Kile kiti cha kulala kitoeni. Ndala zitupeni, mpeni viatu vinavyoshika kisigino. Na njia ya choo ifagieni, isiwe na kamba wala kuni."

Nilichungulia kabati lake, halikuwa na chupa nyingi. Nikashuku dawa zimeisha ndiyo maana anatuandikia kutembea. Njiani nilimwambia Elia hivyo, na Baba, juu ya baiskeli, akaguna kwamba hata yeye ameliona kabati. Lakini nikamkumbuka mtu mmoja aliyepita njia ndefu ya kisimani akitembeza magoti, naye hakuwa nesi wala hakuwa na kabati.

Tukaanza. Jua likipungua Baba alishika ncha ya mbele ya mchi, mimi ya nyuma, tukatoka. Mwanzoni mpaka kwenye mlango wa ua na kurudi, yeye akinung'unika kwamba amepanda ngazi za Sekenke gizani, leo anaongozwa na mchi kama kipofu. Kisha mpaka kwenye mashine ya kusaga. Kisha barabarani. Shelui ni mji wa barabara, Bibi, hakuna kinachopita bila kuulizwa.

"Mke wa Elia," mama wa maandazi akapaza sauti mbele ya abiria, "mnatwanga nini huko barabarani?"

"Tutakutwanga wewe," Baba akamjibu. "Subiri tufike."

Yule alicheka. Wengine hawakucheka. Walisema mkamwana msomi anamburuza mzee kama mbuzi wa mnadani. Walisema mila imevunjwa, wengine wakasema haijavunjwa maana hawajagusana, wakabishana kwenye kijiwe cha kahawa mpaka yakamfikia Elia. Siku hiyo alirudi, akaingia bila kusubiri nimwambie karibu. Nilijua kuna jambo.

"Wanasema unamfunga baba yangu."

"Ni mchi, si kamba. Na ameushika mwenyewe."

 Kesho yake alifunga kibanda mapema, akatufuata kwa mbali kama mpelelezi. Nilimwona, nikajifanya sijamwona. Tulipofika kwenye kilima kidogo cha shule, Baba alisimama kuvuta pumzi, akageuka, akasema, "Kama unatulinda, njoo karibu. Kama unatushuku, pia njoo karibu." Elia akaja, masikio yamemwiva kwa haya. Tangu hapo akipata nafasi anatembea nyuma yetu anapiga mluzi, na Baba, ambaye anasema hapendi mluzi, anakanyaga kwa kuufuata.

Sitakudanganya kwamba amekuwa kijana. Bado anajikwaa, bado kuna asubuhi anazokataa kutoka. Lakini juzi nilikuta kiti chake kigumu hakina mtu na roho ikanitoka. Nilitafuta chooni, nikatafuta nyuma ya kuni, nikakimbilia barabarani. Alikuwa kwenye kibanda cha Elia, amesimama, anashikilia pampu na kumkosoa.

"Mbona hukuaga, Baba?"

"Ningeaga ungeniletea mchi."

Na chai ya jioni anakunywa. Anaomba na ya pili. Hapo ndipo nilipojua kwamba mkono wangu haukuwa na kosa. Mzee wa watu alikuwa anaogopa njia ya choo. Alijinyima chai ili asilazimike kwenda, na hakuna aliyemwuliza.

Kwa hiyo nauliza mimi, na Mama Neema, hapa usiruke: Bibi, bado unakunywa chai ya jioni?

Ungo ulipofika Baba aliuona ukutani, nikamsimulia habari za kochi. Alifikiri, akasema, "Mwambie mkwe wangu kochi ni shimo. Mimi nimechimba mashimo, nayajua. La dhahabu lina ngazi. La kochi halina." Nimeliandika kama alivyolisema. Ameniazima na mchi wa mkewe, akasema nisiupoteze, na nirudi nao.

Ninaomba hivi, Mama Neema, kwa heshima, maana najua wewe ndiye unayelala macho ukimsikiliza kama anakohoa. Sakafu ikimwagiwa maji, asipite mpaka ikauke. Ndala zake wape kuku wazitagie. Mletee kile kigoda kirefu kilichokuwa jikoni, kigumu, kiegemee ukuta, ainuke na kuketi, wewe ukiwa kando yake, asubuhi na jioni. Akisema ameweza peke yake, usimwamini. Akisema hawezi kabisa, usimwamini pia. Mpe punje achambue akiwa amesimama kwenye meza. Hakuna atakayekusema kwamba unamtumikisha mama mkwe wako, na wakisema, waelekeze Shelui, hapa tumeshasemwa, tumezoea.

Sasa limebaki neno moja, Bibi, na ni kwako peke yako ingawa wote wanasikia.

Mjomba alipokuwa anapanda gari nilimshika mkono wa shati. Nikamwambia, "Ungo mmemnyang'anya." Akanitazama sawasawa, mara ya kwanza siku ile. "Hakuna aliyemnyang'anya," akasema. "Aliutoa mwenyewe. Aliutungua ukutani akasema, mpelekee, mimi basi."

Wengine wote niliwashuku, wewe sikukushuku. Sasa nakushuku. Nashuku kochi halikukushika, umelishika wewe. Nashuku siku ile ulipolala kwenye saruji ukasikia watu wakilia juu yako, uliogopa, na hujamwambia mtu kwamba umeogopa, kwa sababu ni wewe uliyekuwa unauambia upepo uje. Nakuelewa. Nimemwona mzee mwenye ngazi za Sekenke miguuni akiogopa hatua za kwenda chooni. Kuogopa si aibu. Lakini hilo "mimi basi" silipokei. Ungo nimeupokea kwa kuutunza tu, sikuupokea kwa kuurithi.

Nitaurudisha. Elia ameshazungumza na dereva mmoja. Nitashuka Iguguno na ungo kichwani, mchi begani, Elia nyuma yangu akipiga mluzi kama kawaida yake, watu wa stendi waseme watakavyo. Nitaingia njia ya nyumbani, nitafika kwenye nguzo za zizi, hapo nitasimama. Shikamoo yangu nimeiweka hapo. Nitaitoa kwa sauti yako uliyonifundisha, goti limekunjwa, na sitasogea. Marahaba ya kurushwa kutoka kwenye kochi siitaki. Uje uniitikie pale. Chukua muda wako wote, Mama Neema akushike upande mmoja, ukichoka njiani simama, mimi sina haraka, nimeolewa na mtu mvumilivu. Ncha moja ya mchi itakuwa imekuelekea.

Wewe sikukatazwa kukugusa, Bibi. Nitakukumbatia mpaka uniite mwizi. Lakini kwanza nikuone unakuja.

Anza leo kutembeza magoti. Mwezi huu hautaisha kabla sijafika.

Mjukuu wako, mwizi wa karanga,
mke wa Elia